Bado Vifungo Tu

Fundi cherehani hasemi uongo. Anasema "bado vifungo tu." Ukisikia maneno hayo, jua kwamba kitambaa chako kiko vilevile ulivyokileta, kimekunjwa chini ya vitambaa vya wenzako, na hakijaonja mkasi. Lakini sentensi yenyewe ina adabu zake. Inampa mteja picha ya shati lililokamilika, limetundikwa mahali fulani likimsubiri kwa hamu, na limekosa kitu kidogo tu ili liwe lake. Mteja anaondoka ameridhika. Wiki ijayo akirudi, bado vifungo tu.

Futi alikuwa bingwa wa sentensi hiyo. Jina alilipata kutokana na futi ya kupimia iliyokaa shingoni mwake mchana kutwa, hata mezani, hata msibani, na pia kutokana na kimo chake, ambacho kwa kusema kwa heshima hakikuhitaji futi nyingi. Alikuwa amefika ule umri ambao watu wameacha kukuuliza utaoa lini, wameanza kukuuliza kama unalala vizuri. Nyumba yao ilikuwa vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa: cha mbele duka, cha kati kitanda cha mama yake, cha nyuma jiko na godoro lake mwenyewe. Baina ya vyumba palikuwa na mapazia. Kwa hiyo safari ya Futi ya kwenda kazini ilikuwa kupita mapazia mawili, na ya kurudi ilikuwa kupita mapazia yaleyale akiwa amechoka.

Cherehani ilikuwa ya mama. Yeye ndiye aliyemfundisha, kwa ulimi zaidi kuliko kwa mikono. Asubuhi moja, akiwa anapinda suruali ya mtu, upande wake wa kulia ulizimika kama taa. Mguu, mkono, vyote. Ugonjwa ulichukua kila kitu upande ule, ila ulipofika mdomoni ukaogopa ukarudi. Tangu siku hiyo mama alilala chumba cha kati, akisikiliza mlio wa cherehani kupitia pazia na kusahihisha.

"Uzi umelegea!"

"Mama, unaonaje na wewe umelala huko?"

"Sioni, nasikia. Cherehani yangu haikohoi hivyo."

Mtu wa kulala namna ile ni lazima ageuzwe ubavu kila mara, la sivyo ngozi ya mgongo huchubuka na kuwa vidonda. Futi alikuwa na namna yake: goti moja juu ya kitanda, mkono mmoja chini ya bega, wa pili chini ya nyonga, kisha anahesabu moja, mbili. Tatu haikufika kamwe. Mama alikuwa ameshasema, "Vuta basi, unanihesabu kama mbuzi wa mnada?" Na yeye anavuta, na shughuli inaisha mpaka zamu nyingine. Kati ya zamu na zamu anashona. Kwa hiyo dunia yake ilikuwa na upana wa muda huo: mahali popote ambapo huwezi kwenda na kurudi kabla ubavu wa mama haujachoka, palikuwa ng'ambo.

Watu walimsifu. Wateja waliochoka kusubiri nguo zao walichungulia pazia, wakamwona mama alivyo msafi, wakasema, "Mama, wewe umepata mtoto." Maneno hayo yalikuwa kama uzi mwembamba. Haumuumizi mtu. Lakini ukipita na kurudi, ukipita na kurudi, siku moja unajaribu kuinuka unakuta umeshonewa kwenye kiti.

Mama mwenyewe hakuwa na subira na sifa hizo. Lugha yetu ni bahili, neno la kufungia shati ndilo hilohilo la kumfungia mwizi, na mama fundi alizichezea maana zote mbili. "Mwenzako akiiba kuku," alimwambia siku moja akinywa chai kwa mrija, "anapewa kifungo anamaliza, anarudi kwao. Wewe hukuiba hata sindano, umepewa mimi."

"Mama, acha hayo, chai itakupalia."

"Ndiyo itakuwa msamaha wako huo."

Sasa, mambo ya safari ya baiskeli yalianzia kwenye blauzi. Futi hununua karatasi kuukuu za maofisini kwa ajili ya kuchorea vipimo kabla ya kukata kitambaa, na safari moja aliletewa bunda la ramani zilizotupwa. Karatasi ngumu, nzuri, haichaniki ovyo. Alizikata nyingi bila kuzisoma. Kuna watu mjini humu wamevaa mashati yaliyokatwa kwa kufuata mabonde na mito na hawajui. Siku moja alikuwa amechora kwa chaki shingo ya blauzi, duara lililolegea upande mmoja, mkasi uko mkononi, akaona kitu. Chini ya chaki yake palikuwa na mstari mwekundu wa barabara, na ulikuwa unaifuata ile shingo karibu sawasawa. Ulitoka kwenye mji. Ukapanda vilima. Ukapita nyuma ya ziwa dogo, ukashuka, ukapanda tena, ukazunguka mgongo mzima wa milima, ukarudi kwenye mji uleule kwa upande wa pili. Akasoma jina la mji. Lilikuwa la kwao.

Vilima vyenyewe alivijua. Vilionekana kutoka dirisha la duka, vya rangi ya bluu, nyuma ya mapaa ya maghala. Alikuwa amevitazama maisha yake yote kama mtu anavyotazama picha ukutani. Hakuwahi kufikiri kwamba vina upande wa nyuma.

Ile blauzi ilikatwa kwa karatasi nyingine. Ramani akaitundika ukutani nyuma ya cherehani, na kuanzia hapo ndipo ugonjwa wake mwenyewe ulipoanza. Alilaza uzi mwekundu juu ya barabara, akiukunja kila barabara ilipokunja, kisha akaunyoosha na kuupima. Akagawa kwa siku. Akachoma pini zenye vichwa vya rangi pale ambapo angelala: nyeupe kwenye miji yenye nyumba za wageni, nyeusi pale ambapo ingebidi kubisha hodi na kutegemea sura yake. Mteja akiingia, Futi alikuwa anazungumza naye huku jicho moja liko kwenye pini ya tatu.

Mama alisikia mlio wa cherehani umepungua. "Kuna nini huko mbele?"

Futi akamwambia. Alikuwa amejiandaa. "Nataka siku moja nizunguke, mama. Kwa baiskeli. Naupitia mlima mzima."

"Unaishia wapi?"

"Hapahapa."

"Mtu anatoka hapa, anateseka milimani, anaishia hapa. Si ubaki tu uteseke ukiwa umekaa?"

"Ndiyo uzuri wake. Njia iliyonyooka inakupeleka mbali na watu wako. Ya duara, kila ukikanyaga pedali unarudi nyumbani. Mimi siondoki, mama. Narudi kwa njia ndefu."

Mama alicheka mpaka mkono mzima ukapiga kitanda. Kisha akatazama dari. "Hayo maneno ulimwandalia nani? Mimi sikukukataza."

Ni kweli, hakuwa amekataza. Futi alirudi kwenye kiti chake akiwa na hasira ambayo hakuweza kuieleza. Mtu ukijiandaa kusukuma mlango halafu ukaukuta wazi, unaanguka.

Baiskeli ilikuwa kazi ya Spoki, fundi wa kona ya pili, rafiki yake tangu utoto na mhanga wake mashuhuri. Koti la harusi la Spoki lilisemwa "bado vifungo tu" mpaka asubuhi ya harusi, na ikagundulika kwamba pamoja na vifungo ilikuwa bado mkono wa kushoto. Alioa mkono umeshikizwa kwa pini. Katika picha zote amesimama ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, kwa sababu akinyooka alichomwa. Hata hivyo alimuundia Futi baiskeli kutokana na maiti za baiskeli tatu, na kila kipande alikijua ukoo wake.

"Fremu hii ya marehemu mpiga picha," alisema akiizungusha pedali. "Gurudumu la nyuma la mtu aliyehama bila kuaga. Kiti ni cha talaka, mke alikataa kukirudisha, akaniletea mimi. Gia zinaingia zote isipokuwa ile ya mlimani."

"Spoki, safari yenyewe ni ya mlimani."

"Ndiyo maana nimekuambia mapema, fundi. Wewe ungeniambia siku ya harusi."

Akaja dukani kuiona ramani. Alisimama mbele yake muda mrefu, akaufuata uzi kwa kidole chenye grisi, akauliza kama amepima kwa uzi huohuo. Futi akajibu ndiyo, kwa majivuno.

"Umepima barabara kama unavyopima shuka. Imelala. Hii haijalala, bwana, hivi ni vilima. Haya ni marinda! Sketi ya marinda inakula kitambaa mara ngapi?"

Futi alishikwa na aibu hadi masikioni. "Hata mara tatu," alisema polepole. Maisha yake yote alikuwa ameshona sketi za shule, hakuna mtu aliyejua marinda kumshinda, na hapo alikuwa amepanga kupita milima kwa hesabu ya shuka.

"Basi miguu yako nayo italiwa hivyohivyo," Spoki akasema, akaondoka ameacha alama ya grisi juu ya ziwa.

Kutoka chumba cha kati mama akapiga kelele, "Huyo ndiye fundi!"

Pini zikasogezwa. Safari iliyokuwa ya wiki moja ikawa ya mbili. Na wiki mbili zilimhitaji mtu wa kumgeuza mama, na mtu huyo katika dunia yote alikuwa mmoja.

Kaka yake mkubwa alikuwa karani wa ghala katika mji mwingine. Mama alimwita Njiani. Lilikuwa jina la haki. Kila sikukuu, kila mama alipoumwa zaidi, mkubwa huyu alipiga simu na kusema "niko njiani," kwa sauti ya mtu ambaye, ukisikiliza vizuri, unasikia anavyogeuza mto. Mwaka jana Futi alikuwa ameshafunga mzigo. Njiani akawa njiani mpaka mvua zikaanza, na barabara za milimani mvua ikianza hazipitiki hata kwa mbuzi. Mwaka juzi vilevile. Mwaka huu sketi za shule zilipomalizika, Futi alipiga simu kwa desturi tu, kama mtu anayenunua bahati nasibu.

"Nimepata likizo, mdogo wangu. Nakuja. Hesabu niko njiani."

"Kasema yuko njiani," Futi alimpelekea mama habari.

"Mwekee chai. Ya mwakani."

Siku chache baadaye, mchana, Futi akiwa ameinama anavuta uzi kwenye tundu la sindano, kivuli kikasimama mlangoni. Hakuinua kichwa. "Bado vifungo tu," alisema.

"Vifungo vya nini?" kivuli kikajibu. "Mimi ni kaka yako."

Alikuwa na begi, ndala mpya, na tumbo aliloliongeza tangu waonane. Chumba cha kati kulikuwa kimya kabisa, kimya ambacho hakijawahi kusikika katika nyumba hiyo. Kisha mama akasema kwa sauti ndogo, "Ni yeye?"

Futi alimfundisha kaka yake kila kitu. Goti hapa, mkono hapa, usimvute bega lililolala. Mto huu katikati ya magoti. Chai isiwe ya moto, hasikii upande huu. Njiani alifanya vibaya mara ya kwanza, akafanya ovyo mara ya pili, na Futi akawa anatikisa kichwa kwa masikitiko ambayo, kusema kweli, yalikuwa na utamu ndani yake. Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye cherehani akasikia kutoka nyuma ya pazia sauti ya kaka yake ikihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Na mama alimwacha ahesabu mpaka mwisho. Halafu wakacheka pamoja kwa jambo ambalo Futi hakulisikia vizuri.

Cherehani ilisimama. Alikaa na mguu juu ya pedali yake, anatazama ramani. Mlango ulikuwa wazi. Hapakuwa na mtu amesimama pale kumzuia, na hilo ndilo lililomfanya asiweze kuinuka.

Ndipo lilipozaliwa koti jingine. Milimani kuna baridi, alisema; mtu haendi hivihivi. Akachukua turubai nyepesi akaanza kushona koti la safari. Lilistahili mfuko wa ndani, akauweka. Likastahili kofia. Kofia ikastahili kamba. Njiani akauliza unaondoka lini. "Kesho. Bado vifungo tu." Kesho yake koti likapata mfuko mgongoni. Mawingu yakaanza kukaa juu ya vilima mchana, yanatoweka jioni, kesho yake yanarudi yameleta ndugu zao.

Spoki akaleta baiskeli aliyomtunzia miaka hiyo yote, imepakwa mafuta, inang'aa kama si maiti tatu. Akaiegemeza mlangoni. "Haya. Ile gia ya mlimani nayo nimeifufua. Unaondoka?"

"Namalizia koti. Bado vifungo..."

Spoki aliinua kiganja. "Fundi. Mimi nimeoa kwa pini. Watu wote waambie vifungo, mimi usiniambie." Akaondoka bila kuongeza utani, na huo ulikuwa ubaya wenyewe, maana Spoki bila utani ni kama kengele bila ulimi.

Jioni hiyo Futi alikaa ukingoni mwa kitanda cha mama. Njiani alikuwa nje anaongea na simu. "Naona mwakani ndiyo vizuri, mama. Mvua ziko karibu. Na mkubwa bado hajazoea."

"Lete hilo koti nilione," mama alisema. Hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Hakuna nguo iliyotoka dukani kabla mama hajapitisha macho kwenye mshono. "Niachie hapa mpaka asubuhi. Na wembe wako, kama kuna nyuzi zimebaki nizikate."

Asubuhi Futi alikaa kushona zipu ya mtu. Kisha mama akamwita, na akamwita kwa jina lake la utotoni, ambalo hatutaliandika hapa kwa sababu ana wateja.

Koti lilikuwa juu ya kifua chake. Pindo lilikuwa limelowa mate. Alikuwa amelishika kwa meno, wembe uko katika mkono wa kushoto, ule mkono ambao hakuutumia hata kushika kijiko ujanani. Kidole kimoja kilikuwa na mkato wenye damu iliyokauka. Kwenye koti hapakuwa na kifungo hata kimoja.

"Mama! Umefanya nini?"

"Umesema bado vifungo tu. Nimeangalia. Vipo vyote. Viwili vimeshonwa mara mbili, kimoja mara tatu, uzi mnene kama wa kushonea gunia." Alivuta pumzi. "Mimi ndiye niliyekufundisha uongo huo, mwanangu. Usinirudishie mimi mwenyewe."

Futi aliinama kutazama shukani. "Viko wapi sasa?"

"Nimevilalia. Upande wa kulia."

"Mama, huo upande husikii! Vitakuchubua!"

"Ndiyo. Vitanichubua."

Akanyoosha mkono kuingiza chini ya bega lake, goti likapanda kitandani lenyewe. Mama akampiga kiganja kwa mkono wa kushoto, pa!

"Si zamu yako. Atanigeuza kaka yako, na hatanigeuza mpaka nisikie kengele ya hiyo baiskeli imevuka barabara. Kwa hiyo unavyochelewa, mimi naendelea kuchubuka. Haya, kaa ushone kofia nyingine."

Njiani alikuwa amesimama kwenye pazia, ametoa macho. Futi alimtazama yeye, akamtazama mama, akamtazama yeye tena. Hakuna aliyemsaidia. Mtu aliyefungwa kwa miaka na ubavu wa mama yake alikuwa sasa anafukuzwa na ubavu huohuo. Alinyakua koti, akanyakua mzigo uliokuwa umefungwa tangu mwaka jana, akatoa ramani ukutani pini zikadondoka na kutawanyika sakafuni, akatoka. Mlangoni alipiga kelele bila kugeuka, "Mgeuze! Mgeuze sasa!" Akavuka barabara akipiga kengele kama gari la zimamoto.

Spoki alimwona akipita kona, anapepesuka, koti limefunguka na kupepea nyuma. "Fundi! Vifungo!" alipiga kelele.

Mji uliisha ghafla, kama zinavyoisha pesa, na barabara ikapinda juu. Hata nusu ya kilima cha kwanza Futi hakuifikia akiwa juu ya kiti. Aliteremka akasukuma, ile gia iliyofufuliwa ikakata roho tena kwa heshima. Upepo uliingia ndani ya koti ukalijaza. Alijaribu kulishika kwa mkono mmoja na kusukuma kwa mwingine, ikashindikana. Akasimama. Akaivua futi shingoni, akaizungusha kiunoni juu ya koti, akaifunga fundo. Shingo ilihisi baridi mahali ambapo haikuwahi kuhisi.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Alikuwa Njiani.

"Niko njiani."

Kaka yake alicheka kwa muda mrefu. "Muongo wewe. Umejificha kwa Spoki."

"Niko njiani, mkubwa. Umemgeuza?"

"Nimemgeuza. Hakuchubuka, wekundu kidogo tu, nimepaka mafuta. Vifungo nimevitoa." Akasita. "Ila kimoja kiko mkononi mwake, amekifumba, hataki kunipa."

Nyuma yake sauti ya mama ilisikika, ya mbali, imechanganyika na mikwaruzo ya simu. Njiani akasikiliza kisha akatafsiri. "Anasema hicho ni cha kukufungia ukirudi. Na anauliza umefika wapi, ajue ni njiani ipi."

Futi aligeuka. Chini yake aliona mapaa ya maghala, na nyuma ya maghala, dogo kama tundu la sindano, dirisha la duka lake. Mbele barabara ilipanda, ikajikunja, ikapanda tena.

"Mwambie rinda la kwanza," alisema, akaanza kusukuma.